Mafunzo ya ajaili siku tatu hapa Dodoma, laki nne na nusu kwa kichwa

Bosi wetu alipanda SGR kwenda Dar akarudi na neno jipya mdomoni, ajaili (agile, yaani kutengeneza programu kidogo kidogo huku mteja anaona na kurekebisha), na haikupita wiki mbili tukajikuta watu saba kwenye ukumbi mmoja Area D tunafundishwa kuacha mazoea. Laki nne na nusu kwa kila mtu, saba hao, piga hesabu mwenyewe. Jina la hao watoa mafunzo silitaji maana mwalimu ni kijana muungwana sana na mengine ntakayosema hapa hayatamfurahisha.

Ili mnielewe, sisi tunatengeneza mifumo ya saccos na maghala. Miaka yote ni mtindo ule ule, mteja analeta hadidu za rejea, tunaandika kitabu cha mahitaji kinene kama msahafu, anasaini kila ukurasa, tunajifungia miezi nane tunakoda (tunaandika programu), siku ya kukabidhi anaangalia skrini anasema mbona sio hiki nilichotaka. Kila mradi aisee.

Siku ya kwanza ilikuwa historia na slaidi. 2001, watu 17 wanakutana Snowbird kule Utah, Marekani, wanaandika tamko fupi la ajaili lenye vipaumbele vinne. Sawa. Ila hapo mwalimu akateleza, akasema ajaili maana yake hakuna nyaraka. Hapana mkuu! Tamko linasema programu inayofanya kazi ina uzito kuliko nyaraka lukuki, na hapo hapo chini linasema na hivyo vingine vina thamani yake. Huu ndio mji wa serikali, wateja wetu nusu wanakaguliwa, nenda kamwambie mkaguzi kwamba timu yako imeacha kuandika uone. Akaja kusema tena mtindo wa kizamani, wotafoli, ule wa kumaliza hatua moja yote ndo uanze nyingine, aliuanzisha Winston Royce, mhandisi wa programu wa Marekani, 1970 akiusifia. Yule mzee alichora ule mchoro kisha akaandika mwenyewe kwamba kuutekeleza hivyo ni hatari na unakaribisha kushindwa, watu wakachukua picha wakaacha maneno.

Siku ya pili nilicheka halafu nikanyamaza. Tulikunja ndege za karatasi, watu wazima na vitambi vyetu. Raundi ya kwanza kila mtu anakunja hatua yake kwenye karatasi ishirini ndo anampasia mwenzie, raundi ya pili unapasia moja moja. Ile ya kwanza ndege ya kwanza kabisa ilitoka muda umeshaisha, na tukagundua mtu wa pili alikuwa anakunja bawa kinyume zote ishirini. Ya pili kosa lilionekana kwenye ndege ya pili tu. Hapo ndo nikaelewa kanbani, ile njia ya kufuatilia kazi kwa kadi, na mambo ya Toyota ya kutorundika kazi katikati, nilishayasoma sana lakini hayakuwahi kuniingia.

Siku ya tatu skramu, yaani kuifanya ajaili kwa vipindi vifupi vinavyoitwa sprinti, na chakula (kuku mzuri, ila mlenda ulikuwa maji matupu, kwa Dodoma hii ni aibu). Tukakaririshwa maswali matatu ya stendapu, kile kikao kifupi cha timu cha kila siku mkiwa mmesimama, jana nimefanya nini, leo nafanya nini, nimekwama wapi, wakati mwongozo wa skramu wa 2020 uliyatoa, umebakisha dakika 15 na timu ijipangie yenyewe inavyozungumza. Unaweza ukasema nakuza mambo ila matokeo yake tumeyaona ofisini, bosi amegeuza stendapu kuwa rokoo ya asubuhi, kila mtu anajitetea kwake, dakika hamsini tumesimama miguu inauma. Na bosi mwenyewe ndie aliyeondoka baada ya chai siku zote tatu! Mwalimu alitakiwa amkatalie, basi.

Sasa kilichonifanya niandike ni siku ya nne. Ndani ya bei kuna siku moja wanakuja ofisini kwenu baada ya wiki mbili, na nilidhani ni ya kupiga picha na kugawa vyeti. Kijana akaingia, hakufungua laptopu, akauliza mradi gani uko mezani, tukasema ghala la alizeti Singida, akasema nani anautumia, tukataja meneja, akasema hapana, kidole cha nani kinabonyeza. Kimya. Akatulazimisha tumpigie karani wa mzani simu ya video tumuonyeshe skrini moja tu tuliyomaliza, mbovu mbovu hivyo hivyo. Karani akaiangalia akasema nzuri, ila mzani uko nje uwanjani na kompyuta iko ofisini kwa meneja, mi napima naandika kwenye daftari, jioni ndo ntaenda kuwaingizia. Yaani tulikuwa tunajenga mfumo mzima wa kompyuta kwa mtu aliyesimama juani na simu mkononi. Wiki ya tatu tumejua, sio mwezi wa nane. Kitabu cha mahitaji kilikuwa kimeshasainiwa na neno mzani limo mara kibao.

Walipotuangusha kabisa ni kwenye mkataba. Niliuliza, tenda ina bei moja na malipo mwishoni, mteja akibadili mawazo kila sprinti gharama nabeba mimi? Jibu, "zungumzeni na mteja". Hilo hata mama ntilie angenijibu bure. Tulikuja kujipangia wenyewe na huyo wa Singida, malipo yamekatwa vipande, kipande kikifanya kazi ghalani ndo kinalipwa, na anaruhusiwa kubadilisha ambacho hatujakigusa bado lakini akiongeza kitu anatoa kingine chenye ukubwa ule ule.

Nyota tatu. Siku ya nne peke yake ningeipa tano, ukiweza kuongea nao wakuuzie hiyo tu usihangaike na ukumbi. Kuna awamu nyingine inakuja, nimemwambia bosi aende yeye peke yake sisi tubaki tukikoda, kasema ataangalia ratiba.