OpenWrt kwenye Archer C7: ruta iliyonionyesha nani anamaliza intaneti usiku

Nimetumia OpenWrt, mfumo wa kuendeshea ruta, kwenye ruta ya TP-Link Archer C7 muda wa kutosha kuisemea, na naisemea vizuri. Kama ruta ya nyumbani inakatika-katika na kila ukipiga huduma kwa wateja unaambiwa "zima, subiri kidogo, washa", mfumo huu utakuonyesha kinachoendelea ndani. Ruta niliyopewa na kampuni ya faiba haikuweza. Ukurasa wake ulikuwa na mahali pa kubadili jina la waifai na nywila, basi.

Kila jioni intaneti ilikuwa inaganda. Taa zote za kijani, simu inaonyesha waifai imejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Mama akipiga simu ya video kutoka Tanga, sauti inakwama katikati ya salamu. Ukizima ruta na kuiwasha inapata nafuu, halafu inarudi kulekule. Fundi wa kampuni alikuja, akapima waya wa faiba, akaniambia, "Kaka, laini yako ni nzima kabisa." Alisema kweli: nilipochomeka kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba, bila ruta, haikuyumba hata kidogo. Nikabadili adapta ya umeme. Nikahamisha waifai kutoka chaneli 6 kwenda 11, maana hapa Sinza kila mlango una waifai yake. Hali ikabaki ileile.

Kilichonitia shaka ni mambo mawili. Taa ya intaneti ilikuwa inapepesa kwa kasi usiku wa manane, watu wote wamelala. Tena Google ilianza kunidai nithibitishe kuwa mimi si roboti, nichague picha za taa za barabarani, karibu kila nikitafuta kitu. Nikihamia bando la simu, hainiulizi. Anwani ya intaneti ya nyumba yetu ilikuwa imeshaanza kushukiwa huko nje.

Ndipo nikaweka OpenWrt kwenye Archer C7, nikaitumia badala ya ruta ya kampuni. Ni mfumo wa bure, unaotokana na Linux, na mradi wake ulianza 2004 kwenye ruta za Linksys WRT54G. Archer C7 ina RAM ya MB 128, inautosha. Unapakia faili kupitia ukurasa wa kawaida wa ruta, inajiwasha upya, kazi imekwisha. Kumbuka kwamba waifai inakuja ikiwa imezimwa, kwa hiyo uwe na kompyuta na kebo, na jambo la kwanza ni kuweka nywila kwa sababu haina.

Ukurasa ulionilipa jasho langu ni ule wa miunganisho. Kila muunganisho una mstari wake: kifaa kilichouanzisha, anwani unakokwenda, na data iliyopita. Usiku nikaufungua, mistari ikajaza skrini hadi chini, na karibu yote ilianzia anwani moja ya ndani, 192.168.1.143. Nikaitafuta kwenye orodha ya vifaa: boksi la tivi la Android la pale sebuleni. Tivi ilikuwa imezimwa. Boksi lilikuwa linaongea na anwani nyingi ajabu, nyingine zinafutika na mpya zinaingia nikiwa natazama. Nikaongeza programu ndogo ya nlbwmon, inayohesabu data ya kila kifaa, nayo ikaonyesha boksi linapakia kwenda nje kuliko simu zetu zote zikijumlishwa.

Hapo kuganda kukaeleweka. Ruta huandika kila muunganisho kwenye jedwali lake, kama mlinzi wa getini na daftari la wageni. Jedwali likijaa, muunganisho mpya unakataliwa, hata ule wa mama anayepiga simu. Ukizima ruta, jedwali linafutika, ndiyo maana "zima uwashe" ilisaidia kwa muda.

Tabia hii inafanana na ya BADBOX 2.0, ambayo FBI ilitoa tahadhari juu yake Juni 2025: maboksi ya tivi na vifaa vingine vya bei rahisi vinavyotoka kiwandani vikiwa na programu hasidi, kisha intaneti ya nyumba yako inageuzwa njia ya kupitishia shughuli za watu wengine. Julai 2025 Google ilifungua kesi ikisema vifaa vilivyoathirika vimepita milioni 10. Kabla ya hapo, Desemba 2024, Ujerumani ilikata mawasiliano ya vifaa vipatavyo 30,000 vya namna hiyo. Dalili ambazo FBI ilizitaja ni za kuangalia kabla ya kununua: boksi halina cheti cha Play Protect, yaani ulinzi wa Google kwa vifaa vya Android, linakutaka uzime ulinzi huo, au linauzwa kwa ahadi ya chaneli zote bure.

Nilirudisha boksi kwenye hali ya kiwandani, usiku mistari ikarudi ilivyokuwa. Uchafu ukiwa ndani ya mfumo wenyewe, kufuta hakuugusi. Nikalichomoa. Tangu hapo jioni hazigandi na Google imeacha kuniuliza maswali.

OpenWrt ina upungufu wake. Kurasa zake zimejaa maneno ya kitaalamu, na kutengeneza waifai ya wageni iliyotengwa na vifaa vya ndani kunataka uvumilivu, ingawa ninaipendekeza sana kwa tivi na kamera. Mwenye laini ya kasi kubwa sana ataona Archer C7 inalemewa. Kwa vifurushi vya kawaida vya nyumbani hutaona tofauti. Na kabla ya kununua iliyotumika, igeuze usome kibandiko cha chini. Archer C7 ina matoleo kadhaa, kila toleo lina faili lake, na ukiweka faili la toleo jingine ruta inaweza isiwake tena.