DUSK: damu nyingi, ila utamu wake uko kwenye mwendo

Damu ya gemu la DUSK imechorwa ovyo. Ukimpiga mtu shotigani akiwa karibu anapasuka vipande, na vipande vyenyewe vina kona. Ukisogea kuvitazama pale sakafuni huwezi kujua kama hili ni paja au ni tofali lililopakwa rangi nyekundu. Na bado, kati ya magemu yote ya risasi niliyonayo kwenye laptopu, hili ndilo ninalolirudia nikitoka kazini kichwa kimejaa hesabu za watu.

Kwa ambaye hajakutana na jamii hii: ni magemu ambayo wewe ni macho tu, unaona mkono na bunduki mbele yako, na yametengenezwa miaka hii yakavishwa sura ya miaka ya tisini kwa makusudi. DUSK ni kazi ya David Szymanski, karibu yote kwa mikono yake mwenyewe, muziki ukapigwa na Andrew Hulshult, na kampuni ya New Blood Interactive ikalitoa tarehe 10 Desemba 2018. Siku hiyo Doom, gemu la kale lililoipa umaarufu jamii hii, ilikuwa inatimiza miaka 25 kamili. Doom nayo ilikuja na vituko vyake: siku moja tu kabla haijatoka, Desemba 9, 1993, maseneta wa Marekani walikuwa wameketi kulalamikia ukatili kwenye magemu, wakiishambulia Mortal Kombat na Night Trap, hawajui kesho yake kinakuja nini. Ujerumani waliiweka Doom kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kufika kwa watoto mwaka 1994, wakaitoa 2011, wakati huo picha zake zimeshakuwa za kuchekesha kuliko kutisha.

Pamoja na tarehe hiyo, DUSK haimfuati sana Doom. Inamfuata Quake, gemu jingine la risasi la 1996: rangi za kahawia na kijivu, kuta zenye pembe kali, watu wenye nyuso kama maboksi. Hadithi imewekwa Pennsylvania, jimbo la Marekani, kwenye mji wa kubuni ulioshikwa na dhehebu la wachawi. Unazinduka kwenye chumba cha chini ya nyumba, sauti inaamuru mvamizi auawe, na mvamizi ni wewe. Mkononi una mundu mbili. Giza linaanza kunguruma, kumbe ni chenso, misumeno ya injini, na wenye chenso ni wanaume watatu wanaokukimbilia. Hakuna mafunzo ya bonyeza hapa, bonyeza pale. Sekunde chache hizo zinakufundisha sheria yote ya gemu: ukisimama, umekwisha.

Hapo ndipo ninapobishana na wanaosema magemu haya ni damu tu. Risasi za maadui wengi zinaonekana zikija hewani, na unazikwepa kwa mwili wako, kulia, kushoto, juu. Afya hairudi yenyewe ukijibanza nyuma ya ukuta, unaiokota sakafuni, kwa hiyo kukimbilia hatari ni njia ya kupona pia. Miguu nayo ina kasi ambayo magemu ya kijeshi ya leo yameisahau kabisa. Ukishaushika mdundo wa kuruka huku unakata kona kwa mausi, unazunguka zizi zima ukiwa hewani, shotigani mbili mikononi, moja kila upande, gitaa la Hulshult linakusukuma mgongoni, na macho yanaanza kuona chumba kama njia za kupita. Maadui wanakuwa vituo vya njiani tu. Nikimaliza levo moja, yaani hatua moja ya gemu, namna hiyo sikumbuki nimeua wangapi. Nakumbuka nilipitia wapi.

Kuna kautani pia. Bunduki nyingi humu hazijazwi risasi, unafyatua mpaka ziishe. Sasa ukibonyeza R, kitufe ambacho kila mcheza gemu ana mazoea ya kukibonyeza ili ajaze, jamaa anaizungusha bunduki kidoleni kwa maringo na kuendelea. Haisaidii kitu chochote, na mimi huibonyeza kila baada ya mapigano. Halafu kuna kipande cha sabuni. Ndiyo, sabuni ya kuogea, imefichwa pembeni kwenye levo, na ukimrushia adui anakufa papo hapo, hata yule ambaye ungemmalizia marisau yote. Kutafuta sabuni kulinifundisha kuzikagua kuta za kila levo kuliko hadithi yenyewe ilivyonifanya nijali.

Maana hadithi, tuseme ukweli, haipo. Kuna maandishi ya damu ukutani, kuna sauti ya kiongozi wa dhehebu ikikutisha, basi.

Katika maadui, wawili wamenikaa. Wa kwanza ni sanamu ya shambani, ile ya kutishia ndege: imesimama kwenye mti wake kama pambo, na pambo hilo lina shotigani. Baada ya kukutana nayo mara ya kwanza unaanza kuzipiga risasi sanamu zote, zenye roho na zisizo na roho, unamaliza risasi zako kwa woga. Wa pili ni Wendigo. Huyu haonekani mpaka umjeruhi. Unasikia kuna kitu chumbani, unarudi nyuma, unafyatua hewani, na pale risasi inapompata ndipo anajitokeza, tayari yuko usoni pako. Ni mahali pachache ambapo kumwaga damu ya adui kunakupa habari unayoihitaji. Ningependa gemu lingefanya hivyo mara nyingi zaidi.

Mapambo ya damu yanachosha mapema. Kwenye sehemu ya kwanza, mtu akipasuka unashtuka na kucheka. Ukifika sehemu ya tatu umeshapasua mamia, macho hayaoni tena, ni kama pilipili iliyotiwa kwenye kila sahani mpaka chai. Prodeus ya 2022, gemu jingine la jamii hii, imeanguka zaidi kwenye shimo hili: kuta zake zinalowa damu vizuri ajabu, mng'aro na michirizi, lakini ukifa unarudishwa karibu na pale pale, uliowaua wamebaki wameuawa, kwa hiyo kufa hakugharimu kitu na ile damu yote haina uzito. Boltgun ya 2023, nayo ya jamii hii, inachosha kwa njia nyingine: inakufungia uwanjani mpaka umalize mawimbi ya maadui, halafu uwanja mwingine, halafu mwingine. Aliyeelewa damu ni ya nini ni Ultrakill, iliyoanza kuuzwa 2020 ikiwa bado inatengenezwa: pale damu ya adui ndiyo dawa, ukimpiga ukiwa karibu inakurukia na kukurudishia afya. Mara moja uchafu umekuwa sababu ya kusogea mbele. DUSK haina akili hiyo, ina kasi na ina levo.

Levo zenyewe, sehemu ya kwanza ni mashamba, mabanda na makanisa, zinaanza kwa rangi ya tope na ukiona picha zake dukani unaweza kupita tu. Vumilia. Sehemu ya pili inaingia viwandani na maabara, na kuna levo inayoitwa The Escher Labs ambako sakafu inakuwa ukuta na ukuta unakuwa dari, unapanda ngazi kichwa chini. Nililisimamisha gemu pale nikacheka peke yangu. Hapa ndipo unaelewa kwamba picha hafifu ina faida: mtu mmoja mwenye mawazo, asiyelazimika kuchora kila kokoto, anaweza kukujengea kitu ambacho studio ya watu mia tano isingethubutu.

Kinachoniudhi kwa dhati ni mabosi, wale maadui wakubwa. Wengi ni pipa la afya lenye miguu. Unamzunguka, unafyatua, unamzunguka, na gemu lililokuwa linakudai ujanja wa njia linakuweka uwanja mtupu. Kingine ni kusevu popote unapotaka. Mkono wangu unabonyeza kitufe cha kusevu kila baada ya mlango, na hofu inayojengwa kwa taa na sauti inakufa kwa sababu najua nitarudi sekunde tano nyuma. Mwenye nidhamu aache kitufe kile. Mimi sina. Na ramani haipo: ukikosa ufunguo mwekundu wa kufungulia mlango utazunguka vyumba ulivyokwisha vimaliza, kimya kimya, ukikanyaga matofali yale ya nyama.

Watoto wasilicheze wala wasikae nyuma yako. Mtoto wa kaka yangu alitoka kunywa maji usiku akasimama mlangoni, akaniuliza, "Shangazi, hao wamekukosea nini?" Nikamwambia akalale. Siku hizi nacheza na hedifoni, mlango umefungwa.

Kwa mashine, hili ni gemu la wenye laptopu za mtumba. Yangu ilikuwa ya ofisi, haina kadi ya grafiki ya maana, na DUSK inakwenda bila kukwama. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuifanya picha iwe ya mapikseli makubwa zaidi, inapendeza kabisa kwa sura hii ya kizamani. Toleo la Nintendo Switch lipo tangu 2021, ila kwa kasi hii mimi sishauri vijiti vya vidole gumba kama una mausi.

Usilinunue kwa bei kamili kama huna haraka, maana ofa za Steam, duka la magemu la mtandaoni, haziishi. Ukilifungua, kabla ya kitu kingine ongeza upana wa kuona kwenye mipangilio, la sivyo ile kasi itakupa kichefuchefu. Ugumu wa kati unatosha kuanzia. Na ukifika kwenye sanamu za shambani, piga risasi kwanza.