Maziwa ya zizi moja, mvua na kiangazi

Maziwa haya nayanunua kwa mfugaji mwenyewe. Yanatoka zizi moja, hayachanganywi na ya wengine wala kusawazishwa mafuta kama ya kiwandani, kwa hiyo kila msimu yana ladha yake. Nayapenda kwa hilo hasa.

Mvua zikishika na majani yakichipua, yanapata rangi ya manjano kwa mbali. Ni karotini, rangi ya asili iliyomo kwenye majani mabichi, ambayo kwa ng'ombe hupenya hadi kwenye mafuta ya maziwa. (Mbuzi huigeuza kuwa vitamini A, ndiyo maana maziwa yake ni meupe pe.) Ladha ni nyepesi, yenye utamu na harufu ya majani. Ila malai ni haba: majani machanga yana nyuzinyuzi chache, na nyuzinyuzi ndizo zinazochachuka tumboni mwa ng'ombe na kutoa asidi ya asetiki, malighafi ya mafuta hayo. Siagi yake nayo hulainika upesi. Maziwa ya mvua ni ya kunywa.

Kiangazi ng'ombe hula nyasi kavu. Maziwa hupungua na kupauka, lakini ukiyachemsha utando wa juu ni mzito, na mtindi wake hugandamana vizuri. Joto likizidi mno, hata hivyo, ng'ombe hupoteza hamu ya kula, mafuta na protini hushuka, na mtindi hutoka majimaji. Tena ng'ombe waliozaa pamoja hukaribia kukauka (kuacha kutoa maziwa) pamoja, na hapo maziwa huwa na chumvichumvi.

Hayo yote nayapokea. Nisichokubali ni harufu ya saileji, yaani majani yaliyovundikwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya mifugo; harufu hiyo hujitokeza malisho yakiisha. Hiyo si kazi ya msimu, ni ya ratiba ya kulisha: ng'ombe akila saileji muda mfupi kabla ya kukamuliwa, harufu hupita mwilini mwake, hata kwa pumzi, mpaka kwenye maziwa. Alishwe baada ya kukamuliwa, itapungua sana. Natamani pia chupa iandikwe ng'ombe wanakula nini wakati huo.

Anayetaka ladha ileile mwaka mzima, haya hayamfai. Anayetaka kuyajaribu aanze mvua zikipungua, majani yamekomaa lakini hayajakauka: rangi bado ipo, na malai yameanza kurudi.