Dawa ya meno ya karafuu na mswaki: inarudisha jino lililoanza kuoza?

Habari zenu watazamaji. Hii hapa mkononi ni dawa ya meno ya mitishamba: karafuu, mwarobaini na mti wa mswaki. Wengi mmeiulizia, maana kwenye boksi wameandika inatibu meno yanayotoboka. Tuanze na hayo maandishi.

Jino halitoboki siku moja. Huanza na doa jeupe lisilong'aa, mara nyingi pembeni ya ufizi. Bakteria wanakula sukari, wanatoa tindikali, nayo inanyang'anya jino madini yake. Doa hilo bado linatibika: mate yanarudisha kalisiamu na fosfeti, na floraidi, madini yanayowekwa kwenye dawa nyingi za meno, inayasaidia yashike na kuwa magumu zaidi. Shimo likishafunguka, hakuna dawa ya kupigia mswaki itakayoliziba. Nenda kwa daktari.

Sasa mimea yenyewe. Mti wa mswaki nauheshimu kwa dhati. Una kemikali zinazopambana na bakteria, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuupendekeza kule unakotumika kwa desturi. Kuna na mbegu za zabibu, ambazo kwenye boksi hili hazimo: zimechunguzwa sana maabara, na dondoo lake limeonekana kuimarisha mzizi wa jino. Ila huko maabara ni jino lililong'olewa linalowekwa kwenye dondoo lenyewe. Sisi tunapiga mswaki dakika mbili tunatema.

Karafuu ndiyo inayonitia wasiwasi. Inatuliza maumivu kweli, watu wa Pemba na Unguja hawahitaji kuambiwa. Lakini doa jeupe haliumi! Ukiona unaitafuta karafuu usiku, ile hatua ya doa imeshapita, na ganzi yake inakufanya uahirishe kwenda hospitali huku jino linazidi kuoza.

Ladha yake nzuri, haichomi, kinywa kinabaki safi. Nikageuza tyubu nisome viambato: floraidi hakuna. Kwangu imeangukia hapo. Mwaka 2021 dawa ya meno yenye floraidi iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa doa jeupe nataka kuona ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500 za floraidi pale nyuma ya tyubu. Mitishamba ikiwemo pamoja nayo, sawa kabisa.

Mlio Arusha na Meru, maji ya maeneo mengi huko yana floraidi nyingi hadi meno ya watoto yanageuka kahawia, kwa hiyo kwa mtoto mdogo ongea na daktari wa meno kwanza. Kwingine, chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele tu.

Mwenye doa jeupe, hii usiinunue iwe dawa yako pekee. Na ile yenye floraidi ukimaliza kupiga mswaki, tema povu, usisukutue kwa maji.