Toki renchi ya 95,000: nimeijaribu kwenye hedi ya Canter

Assalaam alaikum, karibuni tena. Tupo nyumbani Makorora, Tanga, chini ya mwarobaini, na hedi ya Canter, kile kifuniko cha juu cha injini, iko mezani kwa mara ya pili. Mara ya pili, jamani! Ile ya kwanza nilimwita fundi, akavisha bomba kwenye spana, akakaza bolti huku ananiambia, "Mkono wangu ndio mizani." Wiki mbili baadaye natoka Muheza na machungwa, mshale wa joto umepanda, kuchomoa stiki ya oili nakuta chai ya maziwa. Maji yamechanganyika na oili: gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, imekwenda.

Basi nimenunua hii toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Mambo ya boksi na rangi mtayaona wenyewe. Nataka msikie mlio tu. Dogo, sogeza simu.

Tak!

Mmesikia? Subirini, tena. Tak! Mimi huu mlio jana usiku nimeuchezea mpaka mama watoto kaniambia nikalale nayo gereji. Ndani mna springi. Unazungusha mpini mpaka kwenye namba unayotaka, unakaza, ukifika inaachia: tak. Hapo unatoa mkono. Usiongeze "kidogo cha usalama". Hicho kidogo ndicho kinachovuta bolti.

Sasa, inasema kweli au inapiga kelele tu? Oneni. Bolti nimeibana kwenye jiliwa, spana imelala sawasawa, na katikati ya mpini, sentimita 40 kutoka pale inaposhika bolti, nimening'iniza dumu la lita 20 lililojaa maji. Maji kilo 20, dumu lenyewe kama kilo moja. Kilo 21 mara 9.81 mara 0.4, unapata nyutoni mita 82, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Ongeza uzito wa spana yenyewe, tuseme 85. Naiweka 80, naachia dumu taratibu... tak! Haya, naiweka 90. Naachia... kimya. Kimya! Naachia tena, kimya. Kwa dumu la kuchotea maji bombani, mimi nimeridhika.

Kinachoniudhi ni hizi namba. Vijistari vidogo kama sisimizi, ukiwa na grisi mkononi huoni kitu. Na huku kwetu na hewa ya bahari, naona hii rangi ya fedha itaanza kutu kabla ya mvua. Kuna jamaa ana chaneli, anasifia ile toki renchi ya sindano, eti haina springi ya kuchoka. Ni kweli, haichoki. Ila umelala kifudifudi juu ya injini, sindano utaisoma na jicho gani? Ingawa... kama ningeiona dukani siku ile pengine ningeichukua, bei yake ni ndogo zaidi. Lakini haina tak.

Haya, hedi. Imeshatoka kwa fundi mashine kusawazishwa, maana ilikuwa imepinda. Mashimo ya bolti kausheni kabisa. Maji au oili ikibaki chini ya shimo, bolti inaisukuma, haina pa kwenda, bloku inapasuka. Tunaanza bolti za katikati tunatoka nje, mzunguko wa kwanza 40... tak... tak... Wa pili 80. Wa mwisho namba ya kitabu cha injini yako, msije mkaniuliza kwenye maoni, kila injini na yake, na nyingine zinamalizia kwa nyuzi za kuzungusha bolti siyo kwa nyutoni. Na ukiwa na lori kubwa la tani nyingi, hii yenye kichwa cha nusu inchi itakushinda, inaishia 210.

Bei: Ngamiani, muuzaji alianza 130,000, tukashindana mpaka soda zikaisha. Ile video ya kurekebisha valvu niliyoahidi Ijumaa imechelewa, umeme ulikatika, msiniondokee.

Tak! Ya mwisho hiyo.

Hapana, dogo, usifungulie ile bolti nyingine kwa hii! Hii ni ya kukaza tu, chukua spana ya kawaida. Na kabla hujaifunga, irudishe mpaka namba ya chini kabisa, springi ipumzike. Ngapi hapo? 40. Haya, weka kwenye boksi, kalete maji ya rejeta.