TAHADHARI LUBUMBASHI: Mashini za kuosha vyombo "mupya za Ulaya" ambazo si mupya na hazikutoka Ulaya

Yambo yenu bamama, batata na vijana wa Lubumbashi. Kama kuna mtu anakutumia picha za mashini ya kuosha vyombo kwenye WhatsApp na kukuhimiza ulipe leo, soma hii kwanza. Mimi nimeshatoa dola 350. Ilikuwa zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, pesa niliyoingoja miezi tisa.

Najua wengine watauliza mama wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anatafuta mashini hiyo ya nini wakati vijana wa kuosha sahani wako nyumbani. Mimi ni muuguzi. Kazini nanawa mikono asubuhi mpaka jioni, na kwa miaka minne sasa nina ukurutu: ngozi ya vidole inapasuka na kutoa damu. Daktari alinikataza kabisa sabuni ya vyombo. Watoto wanasaidia, lakini tuko watu tisa, na wakiwa shuleni vyombo vinaningoja mimi. Kaka yangu aliporudi kutoka Ubelgiji alituachia mashini yake, ikatutumikia vizuri mpaka ilipoanza kubakiza maji chini na kusimama katikati ya kazi. Hapo nikaanza kutafuta nyingine kwa haraka, na yule muuzaji akaishika haraka yangu.

Nilimpata kwenye kundi la akina mama, siyo barabarani, ndiyo maana nikamwamini. Picha zake zilionyesha kartoni, plastiki nyeupe za kuzuia kugongwa, na kwenye mlango karatasi ya rangi ya kijani na nyekundu iliyoandikwa A+++, alama ya Ulaya ya mashini inayokula umeme kidogo. Akaniambia: "Mama, hii ni mupya kabisa, imetoka Ulaya mwaka huu, hata mutu hajaigusa." Bei 450, lakini nikimpa ile yangu ya zamani ananipunguzia 100. Nikaona amenihurumia.

Siku ya kuileta alinipigia simu saa moja ya jioni: "Mama, moto iko kwenu?" Moto ndio umeme. Nikamjibu haiko, SNEL, shirika la umeme, wamekata tangu mchana. Baada ya nusu saa alikuwa mlangoni na vijana wawili. Wakati ule nilidhani ananiuliza kwa huruma tu. Leo naelewa alitaka kuwa na hakika kwamba moto hauko, ili mashini isijaribiwe mbele yake.

Ikakataa kuingia. Nafasi yangu kati ya makabati ina sentimita 60 kamili, na ile ya kaka iliingia bila shida. Hii ilizidi kwa karibu sentimita moja. Akasema, "Ukuta yenu imepinda, mama." Tukaiacha katikati ya jikoni. Nikatia saini fakitire, karatasi ya mauzo, kwa mwanga wa simu, vijana wakabeba ile ya zamani, wakaondoka. Asubuhi ndipo niliposoma yale maandishi madogo ya Kifaransa chini ya karatasi: kitu kinauzwa kama kilivyo, hakirudishwi. Ile garanti ya mwaka aliyoitaja mara tatu kwa mdomo haikuandikwa popote.

Moto ulirudi saa kumi na moja ya alfajiri. Nikaunganisha maji, nikabonyeza. Ilinguruma kama kinu cha mahindi kisicho na mahindi, kisha harufu ya plastiki, kisha moshi, na swichi kuu ya nyumba ikajikata. Mtoto wangu mdogo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, bila viatu, juu ya sakafu yenye maji. Kila nikikumbuka hilo, zile dola 350 zinakuwa kitu kidogo sana.

Nilipompigia alijibu kwa upole: "Ni SNEL njo ilichoma mashini yako, mama. Ulipashwa kuwa na stabilizateri." Hicho ni kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Akataka kuniuzia moja. Baada ya siku mbili namba yangu ikafungiwa.

Fundi aliyekuja aliangalia kwanza kwenye ukingo wa mlango, pale ambapo kila mashini ina kibati chenye jina la modeli, namba na nguvu ya umeme. Chetu kilikuwa kimekwaruzwa na kufunikwa na stika. Akafungua bamba la chini, lile la miguuni, akachomoa karatasi iliyokunjwa ambayo wenye kiwanda huwaachia mafundi. Imeandikwa 120 V, 60 Hz, yaani volti za umeme na mapigo yake kwa sekunde. Ni mashini ya Marekani, tena iliyotumika: meno ya kikapu yalikuwa na kutu. Waya wake wa asili ulikatwa, ukawekwa prizi ya kwetu. Sisi hapa tuna 220 V na 50 Hz. Fundi alinieleza hivi: ukikipa chuma cha kuchemshia maji karibu mara mbili ya volti zake, kinavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya ile kiliyoundwa kuibeba. Kwa hiyo SNEL hakuchoma kitu. Mashini ilikuwa imekufa tangu ilipoingia mlangoni kwangu. Na msikubali yule atakayewaambia "nunua transformateri tu": transformateri inapunguza volti, haibadilishi ile 60 kuwa 50, na ya kubeba mashini kama hii ni kubwa na ghali.

Ile sentimita moja nayo ilikuwa inasema ukweli. Mashini za Ulaya zinatengenezwa kwa nafasi ya sentimita 60, au 45 zile nyembamba. Wamarekani wanapima kwa inchi 24, ambazo ni karibu 61. Ukuta wangu haujapinda.

Na ile A+++ iliyonivutia! Ulaya iliiondoa kwenye mashini za kuosha vyombo tangu Machi 2021. Sasa karatasi zao zinaanzia A mpaka G, bila alama za kujumlisha, na juu zina ile miraba midogo ya kusomwa na simu. Mtu akikuonyesha A+++ na kusema imetoka kiwandani mwaka huu, ama mashini ni ya zamani, ama karatasi imetolewa kwenye mashini nyingine. Yangu ilikuwa imetolewa kwenye nyingine, kona zake zilikuwa na gundi ya aina mbili.

Sasa ninachowaomba. Fungua mlango wewe mwenyewe, usome kibati: 220–240 V, 50 Hz. Kama kimekwaruzwa, kimefunikwa au hakipo, rudi nyumbani na pesa yako. Kisha toa kikapu cha chini uangalie sakafu ya mashini: za Ulaya kwa kawaida zina kifuniko cha kuzungusha cha kutilia chumvi, kwa sababu ya maji yenye chokaa, na nyingi za Marekani hazina. Sisi tunakihitaji, angalieni tu ule ukoko mweupe ndani ya birika zenu. (Ni chumvi ya mashini, siyo ya mboga.) Lakini lililo kubwa kuliko yote: usilipe pesa yote kabla haijamaliza kazi yake mbele yako, kwa maji na moto, iwe dukani au kwako. Moto ukikosekana siku hiyo, biashara ingoje moto. Kwenye fakitire iandikwe modeli, namba ya kibati, na maneno "mupya" au "imetumika", kwa kalamu, mchana.

Stabilizateri ni kweli tunaihitaji kwa moto wetu unaopanda na kushuka, ila mashini hizi zikichemsha maji huvuta karibu wati 2000. Kile kidogo cha wati 1000 alichotaka kuniuzia kingeungua nacho. Wenye tanki la maji kwenye mnara pia wapime: mita 10 za kimo ndiyo bari 1 ya msukumo wa maji, kwa hiyo tanki la mita 3 linakupa 0.3 hivi, na mashini nyingi zinadai 0.5. Hilo liko kwenye kitabu chake, liulize kabla.

Jina lake siliandiki. Anabadilisha namba na picha, na najua hayuko peke yake, tangu nilipoanza kusimulia, mama wawili wa Kampemba na mmoja wa Ruashi wameniambia habari ileile, mpaka lile swali la "moto iko kwenu?"

Kilichoniuma kuliko vyote fundi alikisema akiwa anakusanya vyombo vyake: "Na ile ya zamani iko wapi, mama?" Maji yanayobaki chini, akasema, mara nyingi ni chujio limejaa, mpira wa kutolea maji umekunjika, au pampu imekwama na kipande cha mfupa au cha kioo. Kazi ya saa moja. Wiki mbili baadaye jirani alinionyesha tangazo: mashini ya kaka yangu, imepakwa polishi, inafanya kazi, dola 200.

Aliyeinunua, kama unasoma hapa, sikudai. Utaijua kwa jino moja la kikapu cha chini, upande wa kushoto, nililolifunga kwa waya wa shaba. Ni mashini nzuri. Itilie chumvi, na usafishe chujio lake kila Jumamosi, mimi sikuwa nafanya hivyo.