Nimepiga pauda kotingi (rangi ya unga inayookwa) injini ya Kikumi yangu, hivi ndo ilivyokuwa

Bei kwanza maana najua ndo mtauliza: shilingi 180,000 za Uganda kwa tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini), manifodi ya hewa (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) na breketi ya alteneta, hiyo ni kwa fundi wa pili. Ya fundi wa kwanza sitaki hata kuihesabu.

Gari ni Kikumi, Corolla AE100, zile ziko kila kona ya Kampala, na injini ni 5A-FE ya kawaida tu, mbio haina, ila nilichoka kila nikifungua boneti naona kutu na oili iliyogandia, nikasema kama haikimbii basi angalau ivae vizuri. Nilishajaribu spreyi ya kopo ya Kisekka, lile soko la spea la Kampala. Miezi miwili ikaanza kubabuka pale kwenye mashimo ya plagi, na siku petroli ilipodondokea rangi ikalainika kama jojo.

Pauda si rangi ya maji jamani, ni unga mkavu kabisa. Bunduki inaupa chaji ya umeme, chuma kinafungwa waya wa athi, basi unga unakimbilia chuma wenyewe na kukishika, halafu kinaingia oveni ya karibu digrii 200 unga unayeyuka unakuwa ngozi moja ngumu. Thina hakuna.

Sasa fundi wa kwanza, jina naliacha, alipiga kava mchanga kwa upepo wa kompresa kutoa uchafu ikawa nyeupe safi nikafurahi, akapuliza unga papo hapo akatia oveni. Kumbe aluminiamu ya kumiminwa ina vitundu, na hii imekunywa oili karibu miaka 30, ikipata moto oili na hewa vinatoka na kutoboa rangi. Na kabla haijaiva, "ssebo, amasannyalaze gavuddeko", umeme umeenda, jenereta hana. Kava ilirudi na vipele kama mtoto wa tetekuwanga, ukikwaruza na kucha inatoka. Nikarudishiwa nusu ya pesa baada ya kelele nyingi.

Wa pili yuko Ndeeba, hapahapa Kampala, huyu mzee hata hakuniuliza rangi kwanza. Aliichoma kava ikiwa tupu, ikatoa moshi na jasho la oili, akafuta, akachoma tena mpaka ikakauka, ndo akapuliza. Matundu ya bolti aliziba na vizibo vya silikoni, na pale gasketi inapokaa aliweka tepu ya moto pasiingie unga, maana hapo panatakiwa chuma kitupu kilicho sawa, la sivyo oili itavuja. Nikamwomba afanye na manifodi ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, akakataa katakata, akasema pauda ya kawaida pale itaungua tu, ile inataka kotingi ya seramiki. Nilimheshimu kwa hilo, wengine wangekula pesa.

Ila mchanga nusura uniue. Nimefika na kava nyumbani nyekundu inang'aa, natamani kufunga usiku huohuo, nikaitikisa karibu na sikio nikasikia chwa chwa chwa. Ndani ya kava kuna lile bati la kuzuia oili isirukie kwenye bomba la kupumulia, na mchanga wa kupigia ulikuwa umejificha nyuma yake. Kesho yake tukalitoa bati, tukagonga juu ya gazeti, ukadondoka mchanga wa kujaa kijiko cha chai. Huo ungeshuka moja kwa moja kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Nikaosha kwa maji ya sabuni mara tatu, nikaenda kwa wa matairi anipulizie kwa kompresa, oilsili za plagi na gasketi nikaweka mpya.

Kasoro? Niliagiza ile nyekundu yenye mikunjo, kona moja unga ulikuwa mwembamba ikatoka laini, ukijua utaiona. Herufi za TOYOTA nilizisugua mwenyewe kwa msasa mpaka zikawa nyeupe, jioni nzima hiyo na vidole viliuma. Huu mwezi wa saba tangu niifunge, naosha kwa sabuni, haijababuka popote.

Jirani yangu wa speshohaya (teksi ya kukodi) alipoona akauliza kama nimeweka tabo ya kuongeza nguvu. Nikamwambia bado, na mlima wa Naguru wa hapa Kampala naupanda gia ya pili vilevile.